Komeo la Ndani

Nukta nyekundu ilimtembelea Bi Sikudhani kifuani saa nne asubuhi, akiwa amekaa kwenye baraza ya mlango wake anachambua mchele. Akaipiga kofi akidhani mdudu. Nukta ikahamia kwenye sinia. Akaipiga tena, mchele ukamwagika, na kuku wa jirani, ambao siku zote hujifanya hawaoni, siku hiyo wakaona.

"Samahani Bibi," ilisema sauti kutoka uani. Alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, kofia ya jua, viatu vya kupandia mlima, mkononi kidude kama rimoti ya televisheni. "Hii ni leza, inapima tu. Naomba usogee kidogo. Unanizibia ukuta."

"Mimi nimekaa hapa miaka kumi na tisa, mwanangu. Huenda ukuta ndio unaonizibia mimi."

Dada akacheka kwa adabu, akaandika kitu, akasubiri. Bi Sikudhani akasogea. Baadaye, hasira zilipomshika sawasawa, hilo ndilo alilojilaumu kuliko yote: kwamba mara ya kwanza alisogea.

Nyumba hiyo watu wa Karatu wanaiita Kwa Wajane. Ipo nyuma ya soko, vyumba sita vimejipanga mstari mmoja, kila chumba na mlango wake, kila mlango na baraza yake ya kutosha mtu mmoja na nusu. Kuta ni za tofali mbichi, nene hivi kwamba ukichungulia dirishani kichwa kinafika nje mabega yakiwa bado ndani yanajiuliza. Milango ni mbao za mtarakwa, mti ambao mchwa akiuona anausalimia tu na kupita. Aliijenga Mzee Muksini, mfanyabiashara wa ngozi na chumvi, mwaka 1953, akaiweka wakfu: wajane wasio na kwao wakae bure, wa dini yoyote, mpaka wafe. Akafa yeye kwanza. Usimamizi ukashuka kwa mwanawe, kisha kwa mjukuu wake Luqman, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale barabara kuu. Dukani kwa Luqman kuna bati za kila rangi. Paa la Kwa Wajane lilikuwa linavuja mwaka wa nne.

Wakazi walikuwa wamebaki watatu. Bi Sikudhani mwenyewe, miaka sabini na moja, mjane wa dereva wa lori, mwenye ulimi unaokata bila kunolewa. Cresensia wa Endamarariek, ambaye mashemeji walimtoa shambani hata kabla matanga hayajaisha. Na Soila wa Olbalbal, aliyekuja mjini kumuuguza mumewe, mume akafia hospitali, na aliporudi kwao hakukuta boma wala ng'ombe.

Asubuhi hiyo Luqman alikuja nyuma ya dada wa leza, kanzu nyeupe, simu mbili mkononi.

"Shikamoo Bi Sikudhani. Leo nina habari njema. Huyu ni dada Lilian, mtaalamu wa majengo ya kale, wa mradi unaitwa Jengo Hai. Wameipenda nyumba yetu. Inakwenda kuhifadhiwa! Paa jipya, kuta zinapigwa chokaa, kila kitu kinarudi kama alivyoacha babu. Tunachotaka ni wakazi mridhie tu, hapa chini."

"Kuhifadhiwa?"

"Kuhifadhiwa, Bi mkubwa."

Bi Sikudhani alilipenda hilo neno. Siku alipomzika mumewe watu walimshika mkono mmoja mmoja wakimwambia, Mungu akuhifadhi, na alikuwa amesubiri muda mrefu kidogo. Akaandika jina lake lote, na la baba yake, na la babu, mpaka karatasi ikamwishia. Cresensia akatia dole gumba.

Soila hakutia kitu. "Umesema neno gani?" aliuliza.

"Hifadhi, mama. Nyumba inahifadhiwa."

Soila akaingia chumbani kwake. Wageni walipoondoka, wenzake walimkuta anakunja shuka, anapanga vyombo ndani ya ndoo, anafunga mzigo kwa kamba ya ngozi.

"We Soila, unakwenda wapi?"

"Sijui. Lakini wamesema hifadhi."

"Hifadhi ni kutunzwa, wewe! Ni stara! Unaambiwa unatunzwa, unafunga virago?"

"Kwenu ni hivyo." Soila alivuta fundo kwa meno. "Kwetu hii neno ni ya wanyama pori, inakuja na gari. Kwanza wanapima. Halafu wanasema, hapa ni pazuri, dunia yote inapapenda. Sikudhani, ukisikia dunia yote inapenda mahali unapolala, funga mzigo."

Bi Sikudhani alicheka mpaka akajishika mbavu. Kwa wiki tatu Soila akawa ndiye redio ya uani. Mzigo ulikaa umefungwa miguuni pa kitanda chake, na yeye akaishi kwa sufuria moja na shuka moja. "Soila, gari lako linaondoka saa ngapi?" "Soila, umesahau kupakia dirisha." Yeye alikuwa akiwatazama mafundi.

*

Na mafundi, tuseme haki, walijua kazi. Matano, fundi mkuu, alibandua saruji ya miaka ile ya nyuma kwa upole wa mtu anayemtoa mtoto mwiba. Paa likabadilishwa. Chokaa ikalowekwa kwenye shimo siku kumi na nne, inachemka yenyewe, inatulia, ndipo ikapakwa.

"Bi mkubwa, saruji ilikuwa inaiua hii nyumba," alimweleza Bi Sikudhani. "Ukuta wa udongo unapumua. Ukiupiga saruji ni kama umeuvalisha koti la mvua, unatokwa jasho humo ndani mpaka unaoza. Chokaa inauacha unapumua."

"Kwa hiyo sasa unapumua vizuri?"

"Safi kabisa."

"Basi niombee ruhusa na mimi nipumue. Nimeambiwa nisikae barazani."

Maana masharti yalikuwa yameanza. Kwanza, wasikae barazani mpaka chokaa ikauke. Ilipokauka, ikawekwa kamba nyekundu. Kisha wasipike ndani, moshi unachafua. Kisha wasianike nguo uani siku ya kupiga picha, na siku ya kupiga picha ikawa kila siku. Cresensia alikohoa wakati Lilian anarekodi video, akaombwa akakohoe sokoni. Akaenda. Mwanamke wa miaka sitini na minane akavuka barabara kwenda kukohoa.

"Ni kwa muda," Bi Sikudhani aliwaambia wenzake. "Wakimaliza tutakaa kwenye nyumba nzuri." Sauti yake ilikuwa imepungua chumvi.

Siku Matano aliposafisha milango, alimwita Lilian mbio. "Dada, njoo uone. Milango yote sita haina pete ya kufuli kwa nje. Haijawahi kuwa nayo, hakuna hata alama ya msumari. Kuna komeo la ndani tu."

Lilian alipitisha kidole kwenye mbao kama anayesoma. "Kwa nini iwe hivyo?"

"Ungeuliza siku ya kwanza," Bi Sikudhani alimjibu kutoka upande wa pili wa kamba. "Mzee Muksini alisema mjane akifika hapa ameshafungiwa nje na wakwe. Basi akamkataza fundi asiweke cha kumfungia tena. Mlango wa hapa anaufunga aliye ndani. Tukitoka, mwenzio anakuangalizia."

Macho ya Lilian yalilowa, kweli kabisa, yule dada hakuwa mbaya. "Hii sijaiona popote," alisema. "Fundi, mbao hizi hazitobolewi. Hata tundu la sindano. Hiki ndicho kiini cha jengo." Akaandika sharti hilo kwenye ripoti kwa wino mwekundu, na jioni ile Luqman akatia sahihi chini yake. Alikuwa anaongea na simu zote mbili, hakusoma.

*

Jumatano Bi Sikudhani alirudi sokoni na fungu la mchicha, akausukuma mlango wake, akakuta mtu ameketi kitandani.

"Hodi," alisema. Hivyo ndivyo alivyosema, hodi, chumbani kwake mwenyewe.

Mtu hakuitika. Alikuwa mwanasesere wa duka la nguo, yule wa kuvalishwa magauni, wa rangi ya waridi, pua imechongoka kama penseli. Amevaa kanga ya Bi Sikudhani iliyokuwa kwenye kamba ya nguo asubuhi. Mapajani amepakatishwa ungo. Ukutani, kibao kipya: CHUMBA CHA MJANE, 1953. TAFADHALI USIGUSE.

Lilian alikuwa dirishani anapima mwanga. "Bibi? Kwani... hamkupewa barua?"

"Ya nini?"

Barua ilikuwa kwenye begi lake, nakala. Akaisoma mwenyewe, kila sentensi akiisoma taratibu zaidi, kwani alikuwa anasikia inavyosikika. Wakazi watapisha ifikapo Ijumaa, ili uzinduzi ufanyike Jumamosi. Watahifadhiwa kwa siku saba katika stoo ya msimamizi, kisha kila mmoja atarejea kwa ndugu zake.

"Ndugu," Bi Sikudhani alisema. "Nyumba ya wasio na ndugu, tunarudishwa kwa ndugu."

"Mimi niliambiwa mmeshapangiwa pengine. Mimi, Bibi, nashughulika na jengo." Lilian akaikunja barua. Halafu, kwa vile mtaalamu hata akiona aibu hubaki mtaalamu, akaongeza: "Kitanda chako lakini kingebaki. Ni cha zama zile. Tungekununulia kingine cha chuma, kizuri tu."

Bi Sikudhani alikitazama kitanda, akamtazama yule wa waridi. Huyo alikuwa na kila sifa. Hapiki, hakohoi, hasogezwi.

"Kumbe mlitaka mjane," alisema, "ila asiwe hai."

*

Dukani kwa Luqman walimweka kwenye foleni. Mbele yake kulikuwa na mtu wa misumari, mtu wa rangi, na mtu aliyekuwa anaulizia tu bei ya vitasa vyote. Kila mmoja alihudumiwa. Ilipofika zamu yake Luqman akaona ghafla kuna simu ya kupokea.

"Nimekuja kwa miguu, Luqman. Ikate."

Akaikata. Alimwita kando karibu na rundo la mabomba, akashusha sauti. "Nisikilize, Bi mkubwa. Nyumba ilikuwa inaanguka. Wakfu hauna shamba, hauna pango la duka, una mimi tu. Mradi ukasema hautengenezi nyumba ya kuishi watu, unatengeneza kivutio, magari ya watalii yakishuka kutoka Kreta kuona wanyama yasimame hapa. Ningekataa, ukuta ungewaangukia mmelala. Ungependa hivyo?"

"Ningependa uniambie."

"Nilikwambia. Nilikwambia nyumba inahifadhiwa. Ukatia sahihi. Jina refu kama treni."

Foleni yote ilikuwa imegeuka. Hata yule wa vitasa aliacha kuuliza. Bi Sikudhani aliona neno likimgeukia, lile alilolipenda, na akalazimika kulisema mbele ya watu wote.

"Nilidhani ni sisi," alisema. "Nilidhani mnatuhifadhi sisi."

Mtu akacheka. Hakucheka kwa ubaya, ni kile kicheko kinachotoka mtu akijikwaa mbele yako. Mwingine nyuma akauliza, "Bibi, unanunua au unahadithia?"

Alitoka bila kuaga. Alitembea katikati ya barabara na magari ya watalii yakampigia honi, marefu, ya kijani, vioo vimejaa kofia, na yeye hakusogea hata kidogo. Yakampisha. Mguu wake ukagundua kitu hapo, kabla kichwa hakijagundua.

Uani alimkuta Soila kwenye ndoo iliyogeuzwa, mzigo pembeni. Bi Sikudhani akasimama mbele yake akisubiri kuchekwa, kwa sababu deni la wiki tatu za kicheko alilijua.

Soila hakucheka. "Mimi sina furaha kushinda," alisema.

Cresensia akaja na chai, wakainywa wamesimama kama wanafunzi waliotolewa darasani, baraza sita mbele yao tupu, nyeupe, zimefungwa kamba.

"Soila," Bi Sikudhani akasema mwishowe. "Hii milango inafungwa na nani?"

Soila alifikiri. "Anafunga mwenye yuko ndani."

"Na aliye nje?"

Sasa ndipo Soila alipocheka.

*

Jumamosi, wajane wakidhaniwa wamepisha tangu Ijumaa, magari kumi na moja yalisimama nyuma ya soko. Kulikuwa na mahema, spika, maji ya chupa yaliyopangwa kwa urefu. Isaya, mwongoza watalii mwenye sauti ya mahubiri, alikuwa anaeleza jinsi chokaa inavyopumua. Wageni wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Kisha wakaelekezwa kwenye kilele cha ziara, Chumba cha Mjane.

Mwanasesere alikuwa amekaa nje, barazani, ndani ya kamba. Hana kanga. Wamemwacha na ungo tu, wa kujistiri.

Luqman akatabasamu kwa nguvu, akasukuma mlango. Haukwenda. Akasukuma kwa bega. Ndani kulisikika mafuta yakichacharika na mtu akisema, "Geuza hicho, kinaungua." Moshi mwembamba wa vitumbua ukatoka dirishani na kuipaka chokaa masizi kidogo.

"Fungueni," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Mimi Luqman."

"Luqman yupi?"

"Bi Sikudhani, usinifanyie hivi mbele ya wageni. Mjukuu wa Mzee Muksini!"

"Mzee Muksini nasikia alikuwa anabisha hodi."

Mgeni mmoja, mama mwenye kofia pana, akasogea, akatega sikio mlangoni, uso ukamng'aa. Akamwambia Isaya kitu, na Isaya, ambaye kazi yake ni kutafsiri na si kufikiri, akatafsiri kwa sauti yake yote: "Mgeni wetu anasema sauti iliyorekodiwa ni safi mno! Anauliza mmeficha spika ngapi."

Wageni wakapiga makofi.

Ndani, Bi Sikudhani alisimama na kijiko mkononi. Makofi yalikuwa marefu, ya moyo mmoja. Alitukanwa mara nyingi maishani na aliyajibu matusi yote, lakini makofi haya hakujua ayajibu vipi. Akaupiga mlango ngumi. "Mimi si spika!" akapiga kelele. "Ni Sikudhani! Niko hai! Nina miaka sabini na moja na nina njaa!"

Makofi yakazidi.

Luqman aliwapeleka wageni kwenye maji ya chupa. Magari yalipoanza kuondoka na wageni wao na chakula chao cha maboksi, alirudi na kasha jekundu la drili, jipya, la dukani kwake. "Matano. Weka pete kwa nje. Wakitoka tu kwenda chooni, funga. Atakayetoka asirudi ndani."

Matano alilipokea kasha, akaligeuza, akasoma maandishi ya pembeni kama anayetafuta tarehe ya kuharibika. "Bosi, sharti namba tisa, wino mwekundu. Mbao haitobolewi. Ulitia sahihi mwenyewe." Akaliweka kasha chini. "Jina lako si refu lakini lipo."

"Nimekwambia toboa!"

Wale watatu waliweka masikio mlangoni. Walisikia viatu vya kupandia mlima vikija juu ya kokoto, vikasimama.

"Usitoboe, Fundi," ilisema sauti ya Lilian. "Mbao hii ina zaidi ya miaka sabini. Ukishaitoboa huwezi kuirudisha. Nitaripoti, kaka Luqman, nakwambia, na mradi utadai kila kitu urudishe."

Bi Sikudhani alingoja sentensi ya pili. Hakika ilikuwepo, mtu hawezi kuishia hapo, ingekuja sasa hivi, hata fupi, hata kwa kunong'ona, juu ya walio nyuma ya hiyo mbao.

Viatu vikaondoka.

"Ameitetea mbao," Cresensia alisema taratibu.

"Imenizidi mwaka mmoja," alisema Bi Sikudhani. "Labda ningeongeza juhudi kuzeeka."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Nje Luqman alikuwa anasema na simu, sasa kwa makusudi asikike: watatoka tu wenyewe, wana matumbo hao, watachoka. Na ilikuwa kweli. Chumba kimoja, watu watatu, choo uani, na kuanzia leo asiwahi kukosekana mtu wa ndani, si saa moja, si Ijumaa ya swala wala Jumapili ya kanisa. Wakapanga zamu palepale. Cresensia wa kwanza. Akatoka, akaenda, akarudi, akabisha hodi, akafunguliwa.

Aliporudisha komeo, halikushika. Usafi ule wote wa Matano ulikuwa umetoa nta na uchafu wa miaka sabini uliokuwa unalibana. Sasa lilikuwa laini, zuri la kupigwa picha, linateleza lenyewe. Bi Sikudhani akalisukuma. Likarudi. Akalisukuma tena, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa hasira tupu, juu ya kipande cha mti.

Soila alikuwa ameketi sakafuni na mzigo wake. Akauangalia mlango. Akauangalia mzigo. Akaanza kulegeza fundo, kwa kucha, kisha kwa meno, mpaka kamba ya ngozi ikatoka yote na vyombo vikamwagika kwa kelele: sahani, ushanga, kibuyu, shuka zilizokunjwa wiki tatu. Akainuka, akazungusha kamba kwenye komeo na kwenye nguzo ya mlango, mara nne, akakaza kama anayefunga ndama.

"Kwa hiyo umeamini?" aliuliza Bi Sikudhani, akijifuta kwa kanga yake. "Tunabaki?"

"Hapana," alisema Soila. "Ila kamba ninayo moja tu."